Nasaba ya Bhadravarman: jinsi ya kuichora bila kuunganisha visivyoungana

Orodha za wafalme wa Champa zinazozunguka kwenye simu zina ugonjwa mmoja. Zinashuka kama ngazi: baba, mwana, mjukuu, kila mmoja na miaka yake, na karibu na juu kabisa yuko Bhadravarman, 380 hadi 413. Shika orodha hiyo, uulize kila mstari umetoka wapi, nayo itaanza kufumuka kama sweta la mtumba. Mistari mingine imetoka kwenye mawe ya Kisanskriti, mingine kwenye kumbukumbu za makarani wa China, na mingine ni gundi tu iliyowekwa na wanahistoria wa karne ya 20 ili vipande vishikane.

Kwa ambaye hajakutana na jina hili: Champa ilikuwa mfululizo wa falme za Wacham katika pwani ya kati na ya kusini ya Vietnam ya leo. Lugha yao ni ndugu ya Kimalei. Miungu ya wafalme wao wa mwanzo, Shiva akitangulia, ilitoka India. Jirani yao wa kaskazini alikuwa China, na ugomvi na jirani huyo ndio uliotuachia nusu ya habari tulizo nazo.

Ukitaka kuichora nasaba hii vizuri, nunua karatasi moja nyeupe ya manila pale River Road, Nairobi, kalamu nyekundu, kalamu ya bluu na penseli. Nyekundu ni kwa yale yaliyoandikwa na Wacham wenyewe juu ya mawe. Bluu ni kwa yale yaliyoandikwa na Wachina. Penseli ni kwa kila mstari unaounganisha nyekundu na bluu, kwa sababu kwa karne hizi hakuna jiwe hata moja lenye maandishi ya pande zote mbili yanayosema “huyu ndiye yule”. Ukimaliza utashangaa penseli ilivyotumika.

Anza na nyekundu. Bhadravarman anajulikana kwa mawe machache, na hakuna hata moja lenye tarehe. Umri wake unakadiriwa kwa umbo la herufi, yaani mwisho wa karne ya 4 au mwanzo wa karne ya 5. Kwenye jiwe la Chợ Dinh anaitwa Dharmamaharaja, mfalme mkuu wa haki, na mungu Bhadreshvara anaombwa awalinde wana na wajukuu wake. Hayo ndiyo yote: wana na wajukuu, bila jina la yeyote. Baba yake hatajwi, wala babu. Hata neno Champa halimo kwenye mawe yake. Linajitokeza baadaye, kwenye mawe yanayotufikisha karne ya 7. Kwa hiyo kwenye manila yako sanduku la Bhadravarman halina mstari mwekundu juu yake, na chini yake una mistari isiyo na majina.

Jiwe lake kubwa liko Mỹ Sơn, bonde lililozungukwa na milima kusini-magharibi mwa Đà Nẵng. Ni hati ya shamba. Mfalme anampa mungu Bhadreshvara ardhi ya bonde pamoja na watu wake, na mipaka inatajwa kama wazee wa vijijini walivyokuwa wakiitaja kabla ya ramani na namba za ploti: mashariki mlima Sulaha, kusini Mlima Mkubwa, magharibi mlima Kucaka, kaskazini Mto Mkubwa, ambao bila shaka ni Thu Bồn wa leo. Kisha linakuja suala la mavuno. Kiwango cha kawaida ni sehemu moja ya sita, lakini kwa hisani ya bwana kinapunguzwa hadi sehemu moja ya kumi. Mkulima aliyevuna gunia 60 za mpunga angetoa 10. Kwa punguzo anatoa 6. Waliozoea kusikia habari za fungu la kumi kila Jumapili hawahitaji ufafanuzi zaidi, isipokuwa kwamba hapa fungu la kumi ni nafuu, si kiwango kamili. Mwishoni kuna onyo: atakayeiharibu sadaka hiyo, dhambi ni yake, na thawabu inabaki kwa Bhadravarman.

Jina la mungu huyo ni ufunguo wa nasaba nzima. Mfalme alisimamisha linga, nguzo ya Shiva, akaipa jina lake mwenyewe. Kanuni ni rahisi: chukua sehemu ya kwanza ya jina la mfalme, ondoa varman (deraya, kinga), weka ishvara (bwana). Bhadra na ishvara huungana kuwa Bhadreshvara. Ukiielewa kanuni hii unaweza kumtambua mfalme kwa jina la hekalu hata pale jiwe lake lilipopotea. Pia utaepuka ajali ya kawaida ya kumchanganya Bhadravarman na Bhadreshvaravarman, aliyeishi zaidi ya miaka 200 baadaye. Wa pili ana neno “ishvara” katikati: amepewa jina la mungu ambaye mwenyewe alipewa jina la mfalme wa kwanza.

Karibu na Trà Kiệu, mahali ulipokuwa mji mkuu, kuna jiwe jingine ambalo herufi zake zinafanana na za Bhadravarman. Linaitwa jiwe la Đông Yên Châu, na halikuandikwa kwa Kisanskriti bali kwa Kicham cha kale. Ndiyo maandishi ya zamani kuliko yote tuliyo nayo katika lugha yoyote ya jamii ya Kimalei. Linamhusu naga, nyoka mtakatifu wa mfalme. Anayemheshimu ataangukiwa na vito kutoka mbinguni. Anayemtukana atakaa motoni miaka elfu moja pamoja na vizazi saba vya ukoo wake. Tazama maneno yenyewe: urang ni mtu, saribu ni elfu, thun ni mwaka, tijuh ni saba. Mmalei wa leo anasema orang, seribu, tahun, tujuh. Hiyo orang ndiyo iliyomo ndani ya jina la orangutani, mtu wa msituni. Na sisi wa upande huu wa Bahari ya Hindi tuna jirani wa ukoo huohuo: Mmalagasi anasema taona kwa mwaka na arivo kwa elfu, neno lilelile linalomalizia jina la Antananarivo. Maandishi ya kwanza ya Wacham basi yana binamu zake safari fupi ya ndege kutoka Jomo Kenyatta.

Sasa kalamu ya bluu. Wachina waliiita nchi hiyo kwa jina ambalo Wavietnam hulitamka Lâm Ấp. Kwao mwanzilishi ni Khu Liên, aliyeasi mwaka 192. Baadaye anatokea Fan Wen, aliyekuwa mtumishi, akawa mshauri wa mfalme, akawatenganisha wana wa mfalme na baba yao, na mwaka 336 akakitwaa kiti. Alikufa 349. Akafuatwa na mwanawe Fan Fo, kisha Fan Huda. Hapa unakutana na mwiba wa kwanza: historia ya nasaba ya Jin inasema Huda ni mwana wa Fo, ya nasaba ya Liang inamwita mjukuu wa Fo na kuliandika jina lake Xuda. Usichague. Chora mistari miwili ya bluu na uiache hivyo.

Watu wengi huichukulia “Fan” kuwa jina la ukoo, wakasema ukoo wa Fan ulitawala toka 336 hadi 645. Wengine hudai Fan ni varman iliyofupishwa. Dai hilo lina tatizo, kwa sababu mwaka 530 hivi makarani wa China walipoandika jina la Rudravarman waliandika bamo mwishoni, yaani walijua kuitamka varman walipotaka. Tena wafalme wa Funan, nchi nyingine kabisa, nao waliitwa Fan. Fan Wen, tumeshaona, hakuwa hata wa damu ya kifalme. Ichukulie Fan kama cheo au lebo ya makarani, na usiitumie kuthibitisha undugu.

Penseli ya kwanza ni hii: Bhadravarman ni Fan Huda. Ushahidi ni mmoja tu, kwamba enzi zao zinakaribiana. Miaka 380 hadi 413 unayoiona kila mahali ni miaka ya Huda, ikahamishiwa kwa Bhadravarman baada ya usawa huo kukubaliwa. Kuna waliomweka Fan Fo badala yake. Ukiandika “Bhadravarman alitawala 380–413” kwa wino, umeshateleza.

Penseli ya pili ina nguvu zaidi, na ndiyo sehemu tamu ya kazi yote. Jiwe la mfalme Prakashadharma huko Mỹ Sơn, la mwaka 658, linaanza kizazi na mfalme aitwaye Gangaraja. Linamsifu kwa kuuacha ufalme, kitu kigumu kuacha, akaenda kuuona mto Ganga wa India kwa sababu furaha ya kuuona mto huo ni kubwa. Upande wa bluu, historia ya Liang inasema mwana wa Xuda, Di Zhen, aligombana na mdogo wake, mdogo akakimbia na mama yao, na Di Zhen kwa majuto akauacha ufalme na kwenda India. Mfalme anayejiuzulu na kwenda India si jambo la kila siku. Wawili hao karibu wote wanakubali kuwa mtu mmoja.

Di Zhen alimwachia nani kiti? Tafsiri nyingi za lugha za Ulaya hutumia neno linalofaa mtoto wa kaka na wa dada pia, na hapo ndipo watu hupotea. Herufi ya Kichina iliyotumika ni ya mtoto wa dada. Kiswahili kinalo neno lake tayari: mpwa, kwa maana yake ya asili, mtoto wa dada kwa mjomba wake. Nairobi tumelichakaza, watoto wa kaka na wa dada wote tunawamwagia neno moja la Kiingereza. Lakini Mdigo ambaye wazee wake walirithi kutoka kwa mjomba ataelewa papo hapo kwamba kiti kimeruka upande wa kike. Waziri alipinga, hakusikilizwa. Mpwa alipokaa akamuua waziri, na mwana wa waziri akamuua mpwa. Wengi humfanya Manorathavarman, jina linalofuata kwenye jiwe, kuwa ndiye mpwa huyo. Hiyo ni penseli nyepesi sana: sababu kubwa ni kwamba yeye ndiye anayefuata kwenye orodha.

Baada ya hapo upande wa bluu unakuwa vurugu tupu: mkuu kutoka Funan anaingia, Fan Zhunong anamtoa na kufa maji baharini mwaka 498. Pita haraka. Kinachohitajika kwa nasaba ni Rudravarman, aliyetambuliwa na China karibu na 530. Jiwe linamweleza kwa uangalifu: baba yake ni Brahmani (mtu wa tabaka la makuhani wa Kihindu) mashuhuri, na yeye ni mwana wa binti wa binti wa Manorathavarman. Kiswahili kinaumaliza msururu huo kwa neno moja, kitukuu, ila ongeza “kwa binti, na binti tena”. Damu ya kifalme imepita kwa wanawake wawili mfululizo, na baba si wa ukoo wa kifalme kabisa. Hapa ngazi ya baba na mwana inavunjika, tena kwa maandishi ya Wacham wenyewe. Yeyote aliyelelewa na hadithi ya mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi hatashtuka.

Tahadhari moja. Wacham wa leo wa eneo la Ninh Thuận na Bình Thuận hufuata ukoo wa mama, na kuna wanaochukua desturi hiyo na kuirudisha nyuma miaka 1,500 kana kwamba ndiyo iliyokuwa sheria ya kiti. Mawe hayaruhusu hivyo. Baada ya Rudravarman, kiti kinakwenda kwa mwanawe Shambhuvarman, kisha kwa mwanawe Kandarpadharma, kisha kwa mwanawe Prabhasadharma. Vizazi vitatu vya baba na mwana, safi kabisa. Upande wa mama unaonekana kuwa njia halali ya kudai kiti pale upande wa baba ulipokatika. Zaidi ya hapo ni kujaza nafasi.

Angalizo jingine la majina: kulikuwa na Rudravarman wa Funan pia, aliyeanza kutawala 514, wakati uleule. Ni watu wawili. Namba I, II na III nazo zimewekwa na wanahistoria. Bhadravarman hakujiita wa Kwanza, na yule tunayemwita wa Pili ni wa mwanzo wa karne ya 10.

Katika enzi ya Rudravarman hekalu la Bhadreshvara liliungua. Jiwe la Shambhuvarman linasema ni katika mwaka wa mia nne na kitu wa Shaka, kalenda ya Kihindi iliyo nyuma ya yetu kwa miaka 78 hivi, lakini makumi na mamoja hayasomeki tena, kwa hiyo ni kati ya 478 na 578. Shambhuvarman akalijenga upya na kumwita mungu Shambhubhadreshvara. Angalia alivyofanya: hakulifuta jina la Bhadra, alilibandika lake mbele. Mfalme ambaye babu zake kwenye jiwe hawaanzii kwa Bhadravarman amejiunga naye kupitia jina la mungu. Mstari huo uchore kwa wino mwekundu, lakini wa nukta nukta, kwa sababu ni uhusiano wa ibada, si wa damu.

Hapo hapo ondoa kosa la picha. Minara ya matofali unayoiona kwenye kila picha ya Mỹ Sơn si ya Bhadravarman. Hekalu lake linaaminika kuwa lilikuwa la mbao, na halikuacha kitu. Minara iliyosimama leo ilijengwa kati ya karne ya 7 na ya 13, na mingi zaidi iliharibiwa na mabomu ya Marekani mwaka 1969.

Mwaka 605 jemadari wa China, Liu Fang, alimvamia Shambhuvarman. Wacham walikuja na tembo. Liu Fang akachimba mashimo madogo, akayafunika kwa nyasi, akajifanya anakimbia. Tembo wakatumbukia, wengine wakapigwa mishale wakageuka na kuwakanyaga watu wao wenyewe. Mji mkuu ukaporwa. Jeshi la China nalo lilirudi likiwa hoi: miguu ya askari ilivimba, wakafa wengi, na Liu Fang mwenyewe akafia njiani. Kwenye mateka kulikuwa na vitu 18 ambavyo mtafiti wa nasaba angelia kuvikosa, nitavirudia mwishoni.

Kandarpadharma alitawala kwa amani na kupeleka zawadi China. Mwaka 631 alituma kasuku wa rangi tano, na mfalme wa China wa nasaba ya Tang akawarudisha kwao. Mwanawe Prabhasadharma hakubahatika: mwaka 645 waziri alimuua pamoja na wanaume wa ukoo wake, na makarani wa China wakaandika kwamba ukoo wa Fan umekwisha.

Kuanzia hapa nyekundu na bluu zinapigana, nawe ziache zipigane. Bluu inasema watu walimweka Brahmani aliyemwoa binti wa Kandarpadharma, wakamtoa, wakamweka binti wa Kandarpadharma mwenyewe kuwa mtawala, akashindwa kuituliza nchi, wakamwita Zhuge Di kutoka Kambodia na kumwozesha malkia huyo. Zhuge Di, kwa bluu, ni mtoto wa shangazi yake Kandarpadharma. Nyekundu haimtaji malkia. Inamtaja Brahmani Satyakaushikasvami aliyeoa kwa Kandarpadharma, mwanawe Bhadreshvaravarman, na kisha Jagaddharma wa kizazi hicho, aliyekwenda Kambodia na kumwoa Sharvani, binti wa mfalme Ishanavarman. Mtoto wao ndiye Prakashadharma, aliyekaa kwenye kiti mwaka 653 kwa jina la Vikrantavarman. Wapo wanaosikia Jagaddharma ndani ya “Zhuge Di”. Sauti zinafanana kweli, lakini mke si yuleyule na undugu si uleule. Penseli.

Ili kumpamba mama yake, Prakashadharma anasimulia pia asili ya wafalme wa Kambodia: Brahmani Kaundinya alifika, akasimika mkuki aliopewa na Ashvatthaman mwana wa Drona, akamwoa Soma, binti wa mfalme wa naga. Mgeni anatua pwani, anamwoa binti wa mwenyeji, watoto wanatawala. Masimulizi ya Pate yana sura hiyohiyo: Mnabahani kutoka Omani anamwoa binti wa mfalme wa mji na kupewa utawala.

Tarehe ya jiwe hili ni 579 Shaka. Kubadilisha ni kuongeza 78, na kwa miezi ya Januari hadi Machi kuongeza 79, maana mwaka wa Shaka huanza karibu na Machi au Aprili. Ndiyo sababu utaona 657 kwingine na 658 kwingine. Usiubebe mkono uliozoea Hijri ukaanza kutoa na kugawanya: maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ya 500 Hijri ni 1107 kwa sababu Hijri hufuata mwezi mtupu na huukimbia mwaka wa jua. Shaka husawazishwa na jua, kwa hiyo kuongeza kunatosha.

Imebaki pembe ya juu ya manila. Vile vitu 18 alivyopora Liu Fang vilikuwa vibao vya hekalu la mababu wa mfalme, vyote vya dhahabu, na makarani wakaeleza kwamba nchi ilikuwa imetawaliwa vizazi 18. Toka Khu Liên 192 hadi 605 ni miaka 413. Gawanya kwa 18 unapata karibu miaka 23 kwa kila kizazi, hesabu inayoingia akilini kabisa. Chora masanduku 18 ya bluu, bila majina, na usiyaunganishe na lolote lililo chini yake.